Kijiji Kisicho na Ugomvi: Uhakiki wa Fumbo la Picha la Michezo ya Mashambani Uingereza

Makala haya yanahakiki kazi ambayo baadhi ya walimu wetu wataona haistahili kurasa hizi. Si riwaya, si tamthiliya, wala si diwani. Ni fumbo la picha: mchoro uliobandikwa juu ya kadibodi, ukakatwa vipande elfu moja na kutiwa ndani ya boksi, ili mnunuzi aumize kichwa kuvirudisha vipande hivyo mahali pake. Waingereza huliita jigso. Mchoro wa fumbo hili unaonyesha michezo ya jadi ya vijijini Uingereza, na umejaa watu kama gulio la Jumamosi. Lilikuja na sanduku la vitabu vya msaada, nami nimelipanga mara tatu pamoja na wenzangu wawili wa bwenini, kwa hiyo ninachokisema hapa nimekishika kwa vidole.

Wapo watakaouliza: hicho kidude cha kupotezea muda kina fasihi gani? Nawajibu kwa swali. Kitendawili tumekipa nafasi katika tanzu za fasihi simulizi, na chemshabongo vilevile. Fumbo hili limekosa nini? Aliyelichora alichagua mandhari, akachagua wahusika, akaamua nani akae mbele na nani akae nyuma, nani aingie na nani abaki nje. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi yeyote. Tena kazi hii ina jambo ambalo riwaya haina: humlazimisha msomaji kuitunga upya kwa mikono yake mwenyewe. Riwaya ikikudanganya unaweza kuifunga na kuitupa pembeni. Fumbo likikudanganya, wewe ndiye umekaa jioni nne ukiujenga uongo wenyewe, na mwisho unafurahi kwamba umetimia.

Hoja yangu ni kwamba fumbo hili linamfanya mchezaji ajenge kijiji ambacho hakikuwahi kuwapo, na linakijenga kwa kuficha ugomvi mmoja mkubwa. Ugomvi huo ni wa ardhi, ile ardhi yenyewe ambayo michezo hiyo ilichezewa.

Hebu kwanza tuitazame picha. Mandhari ni uwanja wa kijiji, jua linawaka, majani yametandazwa kama zulia. Kushoto juu kuna kanisa la mawe. Kulia kuna kilabu cha pombe chenye paa la nyasi, na mbele yake wazee wanarusha pete za chuma kwenye kigingi, wengine wanaangusha vigingi kwa tufe. Katikati ya uwanja vijana waliovaa nyeupe wanacheza kriketi. Karibu nao wasichana wanauzunguka mlingoti wa Mei wakisuka tepe za rangi, na wanaume wenye njuga miguuni wanacheza ngoma ya morisi. Kuna kuvuta kamba, kuna mbio za magunia, kuna wanaume wawili walioshikana mabega wakipigana mateke ya miundi. Kwenye kilima watu wanabingirika wakikimbiza gurudumu la jibini. Kando ya kijito kundi kubwa linagombea mpira matopeni. Watoto wanapigiana mbegu ngumu za kahawia zilizotungwa kwenye uzi. Na kule nyuma kabisa, juu ya mstari wa kilima, wapanda farasi wenye makoti mekundu wanapita na mbwa wao wakimfukuza mbweha.

Nitoe sifa panapostahili sifa. Mchoraji ana jicho. Lile kundi la mpira limechorwa kwa mwendo. Huwezi kusema mguu huu ni wa nani na mkono ule ni wa nani, na unapolipanga vipande vinakugomea vilevile kama watu wenyewe wanavyogomeana. Fani na maudhui vinashikamana hapo kuliko mahali pengine popote katika picha. Rangi nazo zimetumiwa kwa akili: koti moja jekundu kule nyuma linaitwa na tepe moja nyekundu huku mbele, kwa hiyo jicho linasafiri lenyewe. Ucheshi upo pia. Mbwa mmoja ameiba soseji, na kasisi ameinama kurusha tufe huku kofia inamdondoka. Sisemi kwamba kazi hii ni mbovu kifani. Kama ingekuwa mbovu nisingejisumbua nayo.

Tatizo la kwanza linaonekana tunapouliza swali la kawaida kabisa la mandhari: ni lini, na ni wapi? Mlingoti wa Mei ni wa Mei, na jibini la Cooper's Hill, karibu na Gloucester, hubingirishwa mwishoni mwa Mei; hapo sawa. Lakini mpira wa matopeni wenye kijito unatuelekeza Ashbourne, katika jimbo la Derbyshire, ambako huchezwa Jumanne inayotangulia Kwaresima na Jumatano ya Majivu, wakati wa baridi kali. Mbegu za watoto hudondoka mwezi wa Septemba na Oktoba. Mbweha walikuwa wakiwindwa miezi ya baridi, mavuno yakiwa yameshaondolewa shambani. Mateke ya miundi ni maarufu katika vilima vya Cotswold. Mchoraji amechukua mwaka mzima na nchi nzima, akavikunja ndani ya alasiri moja.

Mtu ataniambia kwamba huo ni uhuru wa msanii. Sikatai, msanii ana uhuru. Lakini tuangalie uhuru huo umemfanyia kazi gani. Michezo hii ilifuata kalenda ya kilimo na ya kanisa. Mtu alilima, alipanda, alichunga, alivuna, alipura, kisha ikaja sikukuu akacheza siku moja au mbili, na ukali wa mchezo ulitokana na uchache wa siku zenyewe. Ukizikusanya sikukuu zote ukazipanga pamoja, kazi yote iliyokuwa katikati yake inatoweka. Nimetafuta jembe katika vipande elfu moja. Hamna. Hamna mundu, hamna toroli, wala mwanamke aliyebeba ndoo. Wakulima hawa wanaishi kwa kula nini? Ni kijiji cha wakulima wasiolima, na hapo ndipo picha inapoanza kutoka katika uyakinifu na kuingia katika ndoto ya mtu asiyeishi kijijini.

Wahusika nao ni bapa, wote wanacheka. Katika sanaa ya Ulaya kuna kazi ambayo kila mchora umati wa michezo anapimwa nayo, apende asipende: ile ya Pieter Bruegel ya mwaka 1560, iliyoko Vienna, yenye watoto zaidi ya 200 wanaocheza michezo ipatayo 80. Ukiitazama hata kwenye nakala ya kitabuni utashangaa jinsi watoto wale wasivyocheka. Wamekaza nyuso, wamo kazini. Bruegel alijua kwamba anayecheza kwa dhati huwa hana nafasi ya kutabasamu. Wahusika wa fumbo letu wanatabasamu kwa sababu hawachezi, wanaonyeshwa wakicheza. Tofauti hiyo si ndogo, na yeyote aliyewahi kutazama ngoma ya harusini kisha akaitazama ngoma hiyohiyo ikichezwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni ataielewa mara moja.

Nije sasa kwa kilichoachwa nje, maana mhakiki hasomi kilichoandikwa tu. Damu imeachwa nje. Michezo ya vijijini Uingereza ilikuwa na damu nyingi. Kulikuwa na mchezo wa fimbo, ambao msomaji wa pwani angeufananisha na kirumbizi, ila mshindi alikuwa yule aliyemtoa mwenzake damu kichwani. Kulikuwa na kupiganisha majogoo. Kulikuwa na kumfunga fahali kwa kamba na kumwachia mbwa. Joseph Strutt, aliyechapisha mwaka 1801 kitabu kikubwa juu ya michezo ya watu wa Uingereza, hakuificha michezo hiyo. Aliiandika pamoja na mingine. Mchoraji wetu ameifuta. Sina haja ya kumtetea jogoo wala fahali aliyeteswa, na ni vizuri kwamba sheria ya Bunge ya mwaka 1835 iliipiga marufuku michezo hiyo. Ila angalia tena kule nyuma kwenye kilima. Mbweha naye si mnyama? Mbona yeye anafukuzwa na mbwa hadharani, kwa koti jekundu na tarumbeta, na mchoro unatutaka tuseme "ee, pazuri hapa"?

Jibu limo katika matabaka. Jogoo na fahali walikuwa burudani za makabwela zaidi, ingawa mabwana nao walikuwa wakiweka dau. Mbweha alikuwa burudani ya makabaila na mabwanyenye wenye farasi. Damu ya burudani ya makabwela ilipigwa marufuku mwaka 1835. Uwindaji wa mbweha kwa mbwa ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2005. Kati ya hizo mbili kuna miaka karibu 170! Mchoraji pengine hakulikusudia hilo. Lakini msimamo wa kazi ya sanaa hautegemei kukusudia. Ameichukua damu moja kuwa ukatili na kuifuta, akaichukua nyingine kuwa mapambo na kuichora juu kabisa ya picha, juu ya vichwa vya watu wote.

Na habari hii ya kupiga marufuku ni ndefu. Ukiitazama picha utadhani Waingereza waliachwa wacheze watakavyo tangu Adamu. Thubutu! Mwaka 1314 mpira ulikatazwa katika jiji la London. Mwaka 1363 mfalme Edward III aliagiza watu waache mpira na michezo mingine ya kipuuzi wajifunze upinde, kwa kuwa alihitaji askari. Mwaka 1541, chini ya Henry VIII, sheria iliwakataza mafundi, vibarua na watumishi kucheza tufe, tenisi na michezo mingine kadhaa isipokuwa wakati wa Krismasi, na hata Krismasi iwe nyumbani kwa bwana wao au mbele ya macho yake. Kwa hiyo wale wazee wanaorusha na kuangusha mbele ya kilabu, kwa raha zao, miaka hiyo wangekuwa wahalifu.

Kisha ikaja mivutano ya dini. Mwaka 1618 mfalme James I alitoa tangazo la kuruhusu ngoma, kuruka, upinde, morisi na milingoti ya Mei siku ya Jumapili baada ya ibada, maana Wapuritani walitaka Jumapili iwe ya sala tu. Hata katika ruhusa hiyo mchezo wa tufe uliendelea kukatazwa kwa watu wa chini. Charles I alilitoa tena tangazo hilo mwaka 1633. Mwaka 1643 Bunge likaamuru lichomwe moto hadharani, na mwaka uliofuata milingoti ya Mei ikaamriwa ing'olewe. Nchi ilikuwa vitani, mfalme na Bunge wanapigana, na mlingoti ule wenye tepe ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyowagawa watu. Ndani ya fumbo kasisi na mlingoti wako umbali wa vipande kumi tu, wanachekeana. Hapa palikuwa na tamthiliya nzima, mchoraji ameipita kama hakuiona.

Kuhusu wanawake nitasema kwa kifupi, ingawa ni jambo la makala ya peke yake. Nimewahesabu: wanaozunguka mlingoti, wanaomimina chai, wanaopiga makofi, mmoja anamfuta mtoto kamasi. Hakuna hata mmoja anayeshindana. Ukweli ni kwamba katika sherehe nyingi za vijijini wanawake walikimbia mbio zao, na zawadi ikawa shimizi jipya lililotundikwa juu ya mti watu walione. Wakamuaji wa kike walikuwa na mchezo wao wa mpira na kiti, stulboli, ambao unatajwa katika maandishi ya zamani kabla ya kriketi na ungali unachezwa Sussex. Kwa hiyo kumwondoa mwanamke uwanjani hakukuwa uaminifu kwa historia. Ni mchoraji ndiye aliyemketisha.

Sasa nifike kwenye ardhi. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii inachukulia kwamba mchezaji anako kwao. Wanakijiji wa Uingereza walichezea wapi? Walichezea kwenye uwanja wa kijiji, kwenye malisho ya pamoja, kwenye mashamba baada ya mavuno, mahali ambapo kwa desturi kila mwenyeji alikuwa na haki fulani: kuchunga ng'ombe wake mmoja, kuokota kuni, kukata majani. Sheria za Bunge zilizotungwa kati ya mwaka 1604 na 1914, zaidi ya 5,200, zilizungushia ua ardhi ya namna hiyo ipatayo ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote. Nyingi zilipita baada ya mwaka 1750. Ardhi ikagawiwa kwa wenye hati. Mnyonge aliyekuwa na desturi tu bila karatasi mara nyingi alitoka mikono mitupu, akawa kibarua au akaelekea mjini.

Michezo ilikwenda na ardhi. Ile michezo ya Cotswold yenye mateke ya miundi ilianzishwa na mwanasheria Robert Dover karibu na Chipping Campden yapata mwaka 1612, na kabla ya miaka 30 washairi, Ben Jonson akiwamo, walikuwa wameshaitungia mashairi yaliyotolewa kitabuni mwaka 1636. Iliendelea, ikisimama na kuanza tena, hadi mwaka 1852. Ghasia na ulevi wa umati vilitajwa kama sababu za kuikomesha; lakini kilichoimaliza ni kuzungushiwa ua kwa eneo lenyewe miaka hiyohiyo. Waliobaki wakajaribu kucheza barabarani. Sheria ya barabara ya mwaka 1835 ikawatoza faini ya hadi shilingi 40 wanaocheza mpira barabarani na kuwaudhi wapitao. Shambani huna ruhusa, barabarani unatozwa. Derby, mwaka 1846, mpira wa Jumanne kabla ya Kwaresima ulizimwa kwa kuletwa askari wa farasi.

Na hapa ndipo picha ilinishtua kweli, jioni ya tatu. Nyuma ya kijiji kuna vilima, na vilima hivyo vimegawanywa katika mashamba ya mraba mraba, kijani kwa kijani, kila moja limezungukwa na ua wa miti. Ndiyo sehemu ngumu kupita zote, kwa kuwa vipande vyake vinafanana kama punje za mchele. Nikiwa na kipande mkononi nikijiuliza kinakwenda shamba gani, ndipo nilipoona kwamba ninachokipanga ni ua wenyewe. Mandhari hii ya viraka viraka, ambayo mnunuzi anaipenda na kuiona kuwa ndiyo Uingereza ya asili, katika majimbo mengi ya katikati ya nchi ni matokeo ya zile sheria. Ni sura ya ardhi baada ya kuchukuliwa. Mchoraji ameweka katika picha moja michezo iliyofukuzwa na ua ulioifukuza, akavifanya vyote viwili kuwa utulivu mmoja. Sijaona mgogoro uliozikwa kwa rangi nzuri namna hii. Sisi tuliolelewa na maandishi yaliyosifu vijiji vyenye umoja, ambamo mgogoro ulikuwa kati ya mvivu mmoja na wanakijiji wema wote, tunaujua mtindo huu. Ila wenzetu hawa wamekwenda mbali zaidi, hata mvivu hawakumweka.

Suala la umbo linauma zaidi ukijua fumbo la namna hii lilitoka wapi. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa kuyauza ni John Spilsbury wa London, mchonga nakshi na mchora ramani, katika miaka ya 1760. Alibandika ramani juu ya ubao mwembamba akazikata kwa msumeno kufuata mipaka. Alikuwa na ramani za dunia, za Ulaya, Asia, Afrika na Marekani, na za Uingereza na jirani zake, na walionunua walikuwa wenye uwezo. Watoto wa mfalme George III walijifunza jiografia kwa ramani za vipande. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 kabla ya mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, mtoto wa bwanyenye wa London aliweza kuikata na kuiunganisha Afrika juu ya zulia kabla hajapelekwa kulala. Nasema hili kama mabano tu. Nisije nikaambiwa kila njia kwangu inaishia Berlin.

Kinachonihusu hapa ni muongo ule. Miaka ya 1760 wapima ardhi walikuwa wakizunguka vijiji vya Uingereza na minyororo yao ya kupimia, wakichora ramani za kugawa malisho ya pamoja. Ramani inayokata ardhi, na ramani inayokatwa kuwa mchezo, zote ni za wakati mmoja na za watu wa tabaka moja. Katika muongo huohuo, jimbo la Northamptonshire, kijiji cha West Haddon kilipitishiwa sheria ya kuzungushiwa ua mwaka 1764. Mwaka 1765 likatokea tangazo katika gazeti la Northampton Mercury: kutakuwa na mechi ya mpira West Haddon, wachezaji wanakaribishwa. Watu wakaja kwa wingi. Mpira ukaanza, na mara mchezo ukageuka, umati ukazivamia nguzo na mbao zilizoandaliwa kwa ajili ya ua, ukazing'oa, ukazichoma moto. Askari walipofika kazi ilikuwa imekwisha.

Ndugu msomaji, huo ndio mchezo wa jadi wa kijijini Uingereza. Mpira uliotangazwa gazetini kama burudani, kumbe ni fumbo, tena fumbo kwa maana yetu ya Kiswahili: maneno yanayosema jambo moja wazi na jingine chini kwa chini. Aliyelielewa alikuja amejiandaa, na mwenye ardhi alilisoma vilevile akafikiri ni mpira. Linganisha na hili la boksi, ambalo jibu lake limechapishwa juu ya mfuniko. Fumbo ambalo jibu liko mfunikoni linadai subira na macho, halidai fikra. Mchezaji anaambiwa tangu mwanzo dunia inavyotakiwa ionekane, kazi yake ni kutii mpaka ifanane.

Na atatii kwa utaratibu gani? Kila anayejua mchezo huu huanza na vipande vya kingo, vile vyenye upande ulionyooka. Unavitafuta, unaviunganisha, unapata mraba mtupu, halafu ndipo unaanza kuwaingiza watu ndani. Kwanza ua, kisha watu. Mwenzangu mmoja alinicheka niliposema hivi. Alidai sasa natafuta ubepari hata kwenye kona za kadibodi. Pengine. Lakini nilimwambia ajaribu kuanza na watu, mpira wa matopeni kwa mfano, aache kingo hadi mwisho. Alijaribu. Picha ilitanuka ovyo mezani, ikavuka ukingo wa meza, wachezaji wakawa wanaelekea kusikojulikana, na kwa mara ya kwanza ule mpira ulikuwa mpira.

Mwenzangu wa pili alileta pingamizi lenye uzito zaidi, nami sitaki kulipita. Alisema: unakilaumu kitu cha kumfariji mtu mzee siku ya mvua. Mtu huyo anajua historia ya nchi yake kukuzidi, anachotaka ni kupumzika. Tena michezo hii si ndoto tupu. Ashbourne bado wanacheza. Timu mbili, za juu na za chini ya kijito cha Henmore, magoli yako umbali wa maili tatu hivi. Michezo ya Dover ilifufuliwa mwaka 1951, na tangu miaka ya 1960 imerudi kilimani kwake. Jibini la Cooper's Hill lilipokosa wasimamizi rasmi mwaka 2010 kwa hofu ya usalama, watu walikwenda wenyewe kulibingirisha. Miaka ya mgao wa chakula baada ya vita vya pili hawakuwa na jibini la kuchezea, wakabingirisha gurudumu la mti. Je, hao nao wamedanganywa?

Hawakudanganywa, na mfano huo unanisaidia mimi kuliko yeye. Watu wanaobingirisha gurudumu la mti kwa kuwa jibini limekosekana wanajua vizuri kwamba mchezo unaweza kufa, ndiyo maana wanaushikilia. Mchezo wa kweli una kumbukumbu ya hatari iliyoupata. Picha hii ndiyo isiyo na kumbukumbu. Inasema michezo ilikuwapo, ipo, itakuwapo, haikutoka popote wala haikumgharimu mtu. Hata zile mbegu za watoto, zinazoonekana kama mila ya tangu mababu, hutoka kwenye mti ulioletwa Uingereza kutoka nchi za Balkani, na mchezo wenyewe kwa mbegu hizo haukuandikwa kabla ya karne ya 19. Mila zina tarehe za kuzaliwa. Kulitaja hilo si kuzitukana. Wala mtu mzee wa siku ya mvua hatapungukiwa na faraja akiona jembe moja limeegemea ukuta wa kilabu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba hii ni kazi yenye fani ya kuridhisha na maudhui yaliyokimbia. Mchoraji anaweza umati, anaweza mwendo, anaweza utani. Ameshindwa mgogoro, au niseme mteja wake hakumlipa auchore. Angeweza kuuweka bila kuharibu uzuri: nguzo mbili zimelala zimeungua pembezoni mwa uwanja wa mpira, ingetosha.

Kuna mhusika mmoja ambaye sijamtaja. Kona ya chini kulia kuna kijana ameketi juu ya geti la mbao, ameupa mchezo mgongo. Ni vipande vitatu tu, na kimoja ni cha ukingo. Anatazama kule kwenye mashamba ya mraba, na yeye peke yake hacheki. Kwenye mfuniko wa boksi hutamwona, kwa sababu bei imebandikwa juu yake.